Nyama ya Punda

Lori la jeshi lilimgonga punda karibu na machimbo ya kokoto, na wafanyakazi wote wakakimbia kwenda kutazama isipokuwa Ewoi. Yeye alibaki ameshika nyundo yake, akimwomba Mungu mzoga ule uoze papo hapo.

Haukuoza. Msimamizi wao Marete, Mmeru mwenye kicheko kikubwa, alirudi akipiga makofi.

"Leo nyinyi Waturkana ni sikukuu! Sisi Wameru hatukuli hii kitu. Ewoi, Lomuria, chukueni kisu. Yote ni yenu."

Ewoi alitabasamu bila kufungua midomo. Waturkana wa rika lake wengi walikuwa wameng'olewa meno mawili ya chini, na yake yalikuwepo yote. Jina la Ewoi lenyewe alikuwa amejipachika juzijuzi tu, siku ya kuomba kazi. Baba yake alimwita Wako. Alikuwa Mborana, Mwislamu, na kwake punda alikuwa mnyama wa kubeba maji, basi.

Kabla ya vita vya shifta, wale waasi wa Kisomali na Kiborana waliopigana na serikali, Wako alikuwa akiswaga ng'ombe wa wafanyabiashara kutoka Merti hadi sokoni Isiolo. Kisha njia zikafungwa, mifugo ikakatazwa kutembezwa, soko likafa. Likafa pamoja na kazi za wachinjaji, wakausha ngozi, wauza maziwa, hata wenye vibanda vya chai. Wanaume waliokuwa wakiheshimiwa mjini wakawa wanashinda wameegemea kuta, wakigombania kijiti cha kiberiti. Nyumbani kwa Wako, mkewe Fosia alikonda hadi maziwa yakamkauka, na binti yao Qabale akaanza kuvimba miguu. Hospitalini waliambiwa mtoto apewe chakula kizuri. Ushauri wa maana sana huo. Hata mbuzi wangeutoa.

Machimboni walilipwa kwa unga na maharagwe kila Jumamosi. Lakini kokoto zile zilikuwa za barabara ya jeshi, na mkandarasi alikuwa ametangaza kwamba hataki Mborana wala Msomali hapo. Mmoja aliyedanganya jina alipandishwa kwenye lori la askari, na hadi leo watu wake walikuwa wakiuliza alikopelekwa.

Marete hakuwa na maswali mengi. Wako alimwambia kwamba alizaliwa katika shamba la mzungu kule Timau, ndiyo maana Kiturkana kinampiga chenga, na Marete akaridhika. Aliyemkosesha Wako usingizi ni Lomuria.

Lomuria alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyejifunga kitambaa mdomoni kutwa nzima kwa sababu ya vumbi. Hakuwahi kumsalimia Wako kwa Kiturkana, wala kwa lugha nyingine yoyote. Alimtazama tu. Wako akigeuka, macho yale yanakwepa.

"Mturkana yule amenijua," Wako alimwambia Fosia. "Anangoja siku yake tu."

Sasa siku imefika. Lomuria alikoka moto kwa kuni mbichi, moshi ukafuka, nyama ikakataa kuiva. Ananitesa makusudi, Wako aliwaza. Marete alikaa juu ya jiwe akiwaangalia.

"Karani wa mkandarasi anasema kuna Mborana amejificha hapa kwangu," alisema. "Mimi nimemwambia hakuna. Kuleni, bwana! Kwani mnangoja nini?"

Lomuria alikata kipande kikubwa, akamnyooshea Wako.

"Anza wewe, ndugu."

"Wewe ndiyo mkubwa," Wako alisema. "Mkubwa huanza."

"Mgeni huanza. Mimi nilikukuta wapi? Wewe umekuja kazi nyuma yangu."

Marete aliacha kucheka. Akawatazama, huyu kisha yule.

Wako aliikumbuka miguu ya Qabale, akatia nyama kinywani. Ilimpita kooni kwa shida, na masikio yakamwaka moto kwa aibu. Lomuria naye alipenyeza kipande chini ya kitambaa chake, akatafuna polepole, macho amemkazia Wako. Kisha akaanza kumsogezea vipande vingine.

"Ongeza. Wewe bado kijana."

Wako akaongeza. Hakuwahi kumchukia mtu jinsi alivyomchukia Mturkana yule mchana ule.

"Safi!" Marete alisema, akisimama na kujipangusa vumbi. "Huyo karani ni mwongo kabisa." Akaenda zake kuwaharakisha waponda kokoto wengine.

Alipopotea tu, Lomuria aliinuka ghafla. Alishika njia ya kwenda kambi ya askari, akitembea kwa haraka, karibu kukimbia.

Anakwenda kunisema, Wako aliwaza. Alimwona Fosia akingoja Jumamosi na gunia tupu, akimdanganya mtoto kwamba baba yuko njiani. Akaokota nyundo, akamfuata. Hakujua mwenyewe kama anakwenda kumsihi au kumvunja kichwa, na kutojua huko kulimtisha zaidi ya askari.

Lomuria alilipita rundo la mwisho la kokoto, akaiacha njia, akaingia vichakani. Wako alinyata nyuma yake, jasho likimwingia machoni, akayasukuma matawi ya miiba kwa mkono na kuchungulia.

Lomuria alikuwa amepiga magoti, vidole vimezama kooni, akitapika nyama yote, na kila alipopata pumzi alimwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa Kiborana safi. Tawi likavunjika. Akageuka, akaiona nyundo, akainua mikono yote miwili.

"Ewoi, ndugu yangu Mturkana," alisema, "usiniseme kwa Marete. Nina watoto."