Timu ya Taifa Yavuka Ziwa

Golikipa wa timu ya taifa hakujua kudaka mpira, na mechi ilikuwa baada ya siku tatu.

"Mwalimu, usifumbe macho!" kocha Swedi alimfokea. "Mpira hauumi!"

Mwalimu Bonifasi aliomba radhi, akafumba macho tena, mpira ukampiga kifuani. Miaka kumi na mbili alikuwa akifundisha hesabu shuleni Minago. Beki wa kulia alikuwa karani wa posta. Namba tisa, yule wa kufunga mabao, alikuwa muuguzi mwenye kitambi; alizunguka uwanja wa Rumonge mara mbili tu, akakaa chini kutapika.

Swedi alikuwa kocha wa timu ya taifa kweli, hilo halikuwa uongo. Mechi na Tanzania ilipangwa tangu mwezi wa tatu, ichezwe Kigoma, na ruhusa ya kuvuka ilitoka Bujumbura na mhuri wake: kocha, mpishi, wachezaji kumi na mmoja. Majina hayakuandikwa. Kisha ukafika mwisho wa mwezi wa nne, mwaka ule wa 1972. Vita vikazuka huku huku kando ya ziwa, na baada ya vita yakaja malori ya jeshi. Watu waliosoma waliitwa kwa orodha, wakapandishwa, na aliyepanda hakurudi. Wachezaji wenyewe wakatawanyika, kila mmoja na njia yake. Swedi akabaki na karatasi tu.

Basi akaijaza. Alitafuta watu kumi na mmoja ambao majina yao yalijulikana yamo kwenye orodha, akawaficha nyumbani kwake na kutangaza kwamba timu iko kambini. Hakuna aliyeuliza. Timu ikikaribia mechi hulazwa pamoja, haionani na wake wala ndugu, kila mtu wa Rumonge anajua hivyo. Mkewe Chausiku, ambaye ndiye aliyekuwa mpishi wa safari, aliwapikia ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwa lile, akawashonea namba kwenye jezi.

"Baba Mariyamu," alimnong'oneza, "hawa hawafanani na wachezaji hata kidogo."

"Najua! Sasa unataka nifanye nini?"

Asubuhi iliyofuata Luteni Sirili alikuja uwanjani. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa askari bandarini. Asiposema ndiyo, hakuna chombo kinachotoka. Siku zote alitembea na gari la jeshi na askari wanne. Siku hiyo alikuja peke yake, kwa miguu.

"Amahoro, Kocha. Hii ndiyo timu?"

"Ndiyo hii, Bwana Luteni."

"Wavue viatu."

Wakavua. Loo! Vijana wa mpira wa ufuko ule walicheza peku tangu utotoni, nyayo zao ngumu, zimepasuka. Hizi zilikuwa nyayo za watu wa soksi. Luteni alizikagua moja moja bila haraka.

"Hawa iko watu wa biro, wa kukaa ofisini," alisema.

"Timu ya taifa inachezea viatu, Bwana Luteni. Ndiyo maana miguu imelainika."

Uongo wa mchana kweupe! Luteni hakucheka. Alitazama barabara ya Bujumbura, akashusha sauti.

"Huko Kigoma wanasoma karatasi, ao wanaangalia jezi tu?"

Mtego, Swedi aliwaza. Jibu lolote lingemmaliza.

"Sijui, Bwana Luteni."

"Munaondoka saa ngapi?"

"Kesho, saa moja ya asubuhi."

"Vizuri. Nitawasindikiza mimi mwenyewe mpaka Nyanza-Lac."

Nyanza-Lac! Huko ndiko malori yalikokuwa yanasubiri. Swedi alirudi nyumbani, akakaa kwenye sakafu ya jiko, akalia mbele ya mkewe bila aibu.

"Nimewakusanya mimi mwenyewe, Chausiku. Nimewapanga mstari, nimewavika namba. Kazi ya kuwatafuta nimemmalizia Luteni."

"Tuwaambie wakimbie."

"Wakimbilie wapi? Barabara zote iko askari."

Kulipokucha Luteni alikuwa ametangulia botini, bastola kiunoni, amekaa nyuma kabisa karibu na mwendesha mashine. Askari wa zamu walipotaka kuhesabu abiria, aliwafukuza kwa mkono. Boti ikatoka. Waliupita msitu wa Kigwena, wakapita michikichi.

Nyumba za Nyanza-Lac zilipoanza kuonekana kwa mbali, Luteni alimgusa mwendesha mashine begani.

"Zima."

Mashine ikanyamaza. Walikuwa katikati ya maji, mbali na macho ya watu. Kumbe hata kwenye malori hawatafikishwa! Karani wa posta alianza Baba Yetu akakwama njiani. Chausiku akatoa shahada. Swedi aliinuka, boti ikayumba, akasimama mbele ya Mwalimu Bonifasi.

"Anza na mimi," alisema. "Hawa niliwaita mimi."

Luteni alichomoa bastola, akaitazama kidogo, akaitupa ziwani. Kofia ikafuata, mkanda ukafuata, kisha shati na vyeo vyake vyote. Akabaki na fulana.

"Kocha," alisema, "na mimi jina langu limesomwa kwenye orodha. Utanipanga namba ngapi?"