Kipimo cha Nasra

"Mapacha wametoka tumbo moja, leo unawatenga sahani?" Bi Mgeni alimwuliza mke wa mwanawe, sinia la wali wa nazi likiwa bado mikononi mwake.

"Siwatengi mimi, mama. Damu zao ndizo zimetofautiana," Rukia alijibu huku akikata mchicha.

Majibu ya kipimo cha damu cha mapacha yalifika asubuhi, kama yanavyomfikia kila mtoto anayetimiza miaka saba. Nasri alikuwa salama. Nasra alikuwa amerithi jeni inayozidisha protini ya kubeba mafuta kwenye damu, ile ile iliyomuua baba yao kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka thelathini na sita. Kwa sheria, jiko la kila nyumba humpimia kila mlaji mafuta yake. Kuanzia leo, Nasra angepata vijiko viwili vya tui kwa wiki.

"Kwa hiyo ale pembeni, kama mwenye upele?"

"Hakuna atakayekula pembeni hapa."

Rukia alifuta mikono, akaliendea jiko na kuiandikisha nyumba nzima kwa kipimo cha Nasra. Jiko likamwonya kwamba kipimo hicho hakitabadilishwa mpaka mapacha watimize miaka kumi na minane. Akaweka kidole gumba kukubali.

Kisha alilichukua sinia, akampa jirani dirishani, akawapakulia wote wali mweupe na mchicha wa kuchemsha.

Nasra alianza kula. Nasri hakugusa chakula. Alikuwa akimtazama dada yake kana kwamba ndiye aliyempokonya wali wa nazi, na hakupepesa macho.