Taa ya Kijani Ukutani

Tumeshinda! Nani alisema hatuwezi? Taa ambayo Chama cha Taifa kilifunga katika kila nyumba ya Ukraine ili isikilize lugha tunayozungumza, leo, mkesha wa Krismasi, imewaka kijani kwetu. Mwaka mzima humu ndani halijatamkwa neno la Kirusi.

“Taifa moja, ulimi mmoja!” mjumbe wa Chama alipaza sauti akitundika bendera mlangoni, majirani wakashangilia.

Nikapakua uji wa ngano na asali na, kama ilivyo desturi, nikaacha kiti kimoja kitupu kwa ajili ya marehemu wetu.

“Karibu mezani, mama,” nikamwambia mama mkwe, ambaye anajua Kirusi tu na hajasema kitu tangu taa ifungwe.

Akatabasamu, akakipita kiti chake, akaketi kwenye kile cha marehemu.