Bangili Ndani ya Sanda

Tulikuwa tumempakata marehemu babu wa mume wangu, tukimfunga hariri mpya kama tunavyowafanyia wafu wetu kila baada ya miaka kadhaa, sanda yake ya zamani ilipochanika na bangili ya fedha ikanidondokea mapajani.

Ni ileile ya ukoo. Ileile niliyoitiwa mwizi tangu tulipomfunga mara ya mwisho. Miaka yote hiyo, nikiingia tu chumbani, mama mkwe anafunga kabati!

Sasa mama mkwe aliitazama bangili, kisha akautazama mkono wake mwembamba.

"Kumbe ilinichomoka nikimfunga," akanong'ona. "Mzee kanitunzia. Si nilisema itapatikana?"

"Ulisema nimeiuza, mama."

"Aa, Lalao, nawe! Unaleta maneno mbele ya babu? Haya, vaa wewe, iwe yako. Ila shusha mkono, watu wasione."

Nyuma yetu ukoo mzima ulikuwa ukicheza kwa filimbi, hata waliotoka mbali, mjini Antsirabe. Bangili ilikuwa ya baridi, imejaa vumbi jekundu.

Nikaivaa. Nikauinua mkono juu kadiri ulivyofika, nikawapigia kelele wapiga filimbi wanyamaze.