Alama za Magurudumu

Kwa kusimulia hadithi fupi, katika mji huu hakuna anishindaye, ingawa wajukuu zangu husinzia kabla sijamtaja mtu wa kwanza. Basi namtaja upesi: Mwalimu Shomari, aliyefundisha watoto kutengeneza michezo ya kompyuta, na kuwahubiria kila siku kwamba kucheza ni haki ya kila mtu.

Darasa lake lilitengeneza mchezo wa mji wao. Kila mwanafunzi alijichora humo, na kila aliyepita mchangani aliacha nyayo. Zamda alijichora kwenye kiti chake cha magurudumu. Siku ya wazazi, watoto wote walionekana kwenye skrini wakipanda ngazi za soko. Zamda hakuwemo.

"Mwalimu, mimi niko wapi?"

"Umeme ulikatika, mwanangu, ukafutika. Nilisikitika sana."

Kusikitika alisikitika kweli, tangu jana yake, alipoona kumtoa msichana mmoja ni kazi ndogo kuliko kujenga mteremko kando ya ngazi.

"Umeme wetu una macho," alisema mama Zamda. "Umemchagua wangu tu."

Wazazi walicheka. Zamda alisogeza kiti, akagusa skrini chini ya ngazi. Mistari miwili ya magurudumu yake ilikuwa bado mchangani, ikiishia kwenye ngazi ya kwanza.

"Nilifika mpaka hapa, mwalimu. Ndipo ukanifuta?"

Kwenye skrini, wenzake Zamda waliendelea kupanda.