Kabla ya Amina

Usijifanye hukumwona. Katikati ya sala ulifumbua jicho moja, ukamwona fundi cherehani mlangoni, mwanawe kifuani, ukalifumba tena.

Mtoto ana pumu. Kucha zimeanza kuwa za buluu. Dawa yake iko kwenye zahanati yenu, hatua ishirini tu kutoka hapo ulipopiga magoti. Imefungwa, maana kanuni yenu inasema saa ya ibada hakuna kazi, na hakuna anayeinuka mpaka amina.

"Subiri kidogo, binti yangu," mzee wa mlangoni anamnong'oneza. "Hata Mungu ana utaratibu wake."

"Basi, baba, mfundishe na huyu kupumua kwa utaratibu."

Nesi amepiga magoti mbele yako. Machozi yanamtiririka, na ufunguo wa zahanati unaning'inia kiunoni mwake kwa utepe wa kijani. Anaogopa yaliyonikuta mimi. Mwaka wa mafuriko nilikuwa na ufunguo huohuo, nikainuka katikati ya sala kwenda kumzalisha mke wa kinyozi. Mkapiga kura kunitenga. Wewe uliunyoosha mkono wako juu kabisa, sijasahau. Ndiyo maana leo niko huku nje, nimeshika nondo za dirisha.

Kiongozi wenu sasa anawaombea wagonjwa wa dunia nzima, nchi moja baada ya nyingine.

Kifua cha mtoto kimeacha kukoroma. Mama yake anamtikisa.

Mkono wangu haufiki, wako unafika. Fumbua macho. Kata huo utepe.