Koti la Kulindia Mahindi

Siku mume wa Khalayi alipozikwa, tumbili walijua kabla ya matanga kwisha. Kisiwa chao ni nyumba nne tu katikati ya Mto Nzoia, na tumbili wa pale hawaogopi mwanamke. Walikaa ndani ya mahindi yake, chakula chake pekee cha mwaka, wakitafuna taratibu kama waombolezaji waliochelewa.

Asubuhi ya nne alivaa koti la marehemu. Lilimfika magotini, kwapa moja limechanika, linanuka ugoro. Dume kubwa liliacha kutafuna, likamkodolea macho. Khalayi akakohoa kikohozi cha mumewe, kile kirefu kilichokuwa kikiishia kwa tusi.

Kundi zima likatimka.

"Mulamwa! Shemeji!" aliita ndugu wa marehemu, aliyekuwa amesimama kando ya shamba, kasia mkononi. Alikuwa amevuka kwa mtumbwi kuchukua nguo za ndugu yake, kama ilivyo desturi. "Hilo koti ni langu."

"Sijakataa. Lakini anayelivaa ndiye anayelinda mahindi. Saa kumi na mbili asubuhi uwe hapa."

"Kila siku?"

"Hata Jumapili. Tumbili hawaendi kanisani."

Shemeji alilitazama koti, kisha akautazama mto. "Basi nipe kofia tu."

"Kofia ni ya zamu ya jioni."

Alirudi ng'ambo na jozi moja ya viatu. Siku hizi mjane wa nyumba ya pili huliazima koti kila Jumanne, na Khalayi amemkataza kulifua.